Ziwa Lilipofika Jikoni

Kabla ziwa halijaanza kumfukuza baba yangu, baba ndiye aliyekuwa akilifukuza ziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa mtu wa pampu katika shamba moja la maua kando ya Ziwa Naivasha, upande wa Kamere, na katika miaka ile ya kiangazi nilipokuwa msichana wa shule, maji yalirudi nyuma mpaka bomba likabaki linanyonya matope. Baba na wenzake wakawa wanaongeza bomba jingine, wanachimba mfereji, wanalifuata ziwa. Jioni alirudi matope yamemkaukia magotini, akaketi kwenye stuli nje ya nyumba, na mama akamuuliza, "Limefika wapi leo?" kama mtu anayeulizia ng'ombe aliyepotea.

Sisi tulijua kupungua tu. Mashamba ya maua yalikunywa, mji ulikunywa, na mito iliyoteremka kutoka milimani ilifika imechoka, kwa kuwa kila aliyeishi juu alikuwa ameteka yake kwanza. Miti ilikatwa huko, na mvua iliponyesha ililetea ziwa udongo badala ya maji safi. Mama alikuwa na kibanda cha kukaanga samaki karibu na ufuo. Kuna msimu alikaanga viazi, kwa sababu samaki hawakuwepo.

Ndiyo maana baba alipostaafu na kununua kiwanja chini kabisa, mahali ambapo zamani palikuwa maji, hakuona kama anacheza kamari. Udongo ulikuwa mweusi, laini, ukitupa mbegu leo kesho unaona kijani. Jirani mmoja mzee alimwambia, "Hapo umenunua ndani ya ziwa." Baba akacheka. "Ziwa hili nalijua," akasema. "Nimelifuata miaka yote na halijawahi kugeuka." Akajenga nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, akapanda mboga za sukuma wiki na vitunguu, na nyuma ya jikoni akasimamisha mnara wa chuma wenye ngazi, juu yake tangi la maji ya mvua. Mama alihamisha kibanda chake karibu na lango.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaolewa, nafundisha shule ya msingi mjini Nakuru. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na ukisimama dirishani unaliona Ziwa Nakuru, lile la chumvi. Huko ndiko nilikoona mabadiliko kwanza. Ziwa lilianza kunenepa. Lilimeza miti ya ufuo, ikabaki imesimama majini ikiwa mikavu na myeupe kama mifupa. Likameza barabara ya ndani ya mbuga, likafika mpaka kwenye lango ambalo watalii walikuwa wakipitia. Flamingo, waliokuwa wakilitandika rangi ya waridi kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakawa wachache, kisha wakahamia maziwa mengine ya kaskazini. Chumvi ilikuwa imezidiwa na maji, kama mchuzi unaoongezwa maji kwa sababu wageni ni wengi, na chakula cha ndege hao kikakosa nguvu.

"Mwalimu, haya maji yanatoka wapi?" watoto waliniuliza darasani.

Niliwaambia nilichojua: mvua zimezidi, misitu imepungua, ardhi iliyolimwa ovyo haishiki maji, na udongo umejaza ziwa chini. Niliwaambia pia kwamba wako wanaosema ardhi ya bonde letu husogea huko chini, na kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana. Sikuwaambia kwamba kila nikitazama dirishani nilikuwa nawaza ziwa lingine na nyumba ya mawe ya vyumba vitatu.

Mwaka uliofuata Ziwa Naivasha nalo lilifika. Kwanza lilifika kwenye vitunguu. Mama alinipigia simu akasema shamba limekuwa tepetepe, lakini baba anasema ni mvua tu, itakauka. Kisha sukuma zikaoza mizizi. Kisha choo kikajaa, na hapo nikaanza kuogopa kikweli, kwa sababu maji ya choo na maji ya kisima yalikuwa sasa yanajuana. Nilimwambia mama achemshe kila tone. Akaniambia anachemsha mpaka ya kuoshea vikombe.

Siku za wikendi nilikuwa nashuka Kamere. Jumamosi moja nilimkuta mwanamke mgeni kwenye kibanda cha mama, ana mabuti ya mpira na sanduku la chupa ndogo alizojaza maji ya ziwa. Alikuwa mtafiti kutoka nchi ya mbali, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, lakini kilieleweka. Alikuwa anakula tilapia kwa mikono, na mama alikuwa amempenda.

"Kwetu pia kuna ziwa kubwa," alisema. "Lakini letu linakauka. Pale nilipoogelea nikiwa mtoto, sasa ni mchanga."

"Basi bebeni kidogo hili letu," mama akasema.

Mgeni akacheka mpaka akaweka samaki chini. Kisha akatueleza kwamba si kwetu na kwao tu. Kuna maziwa mahali pengine yanayopata joto mpaka barafu iliyokuwa ikiyafunika haigandi tena. Mengine yanageuka kijani kwa mbolea inayotiririka kutoka mashambani, samaki wanakosa pumzi. Mengine yanapanda, mengine yanashuka. Mama alisikiliza huku akigeuza samaki kwenye mafuta.

"Ni kama watoto," akasema mwishowe. "Wachokoze wote siku moja. Mmoja atalia, mmoja atanuna, na mmoja atakufuata mpaka jikoni."

Baba alikuwa ameketi hapo kando akitengeneza redio. Mgeni alipoondoka, baba alimwambia mama, "Hili halifiki jikoni."

Lilifika jikoni baada ya Krismasi. Mama aliamka akakanyaga maji alipokwenda kuwasha moto. Baba akanunua mawe, akainua sakafu. Maji yakapanda juu ya mawe. Akajaza magunia mchanga, akayapanga mlangoni. Majirani walikuwa wakihama mmoja mmoja, wanang'oa mabati na milango, wanapakia kwenye mikokoteni. Baba aliwasaidia wote kupakia, kisha akarudi kwenye magunia yake.

Halafu viboko. Ziwa lilipopanda lilifunika malisho yao, na wao wakafuata nyasi zilipokwenda, yaani kwenye viwanja vya watu. Asubuhi moja mama alifungua mlango akakuta kiboko amesimama kati ya nyumba na lango, anatafuna, hana haraka. Alifunga mlango polepole, akakaa kitandani mpaka jua likapanda. Siku hiyo aliweka nguo zake kwenye begi.

"Mimi nimeolewa na wewe," alimwambia baba. "Sikuolewa na nyumba."

Akaja kwangu Nakuru. Baba akabaki.

Nilijaribu kila njia. Nilimwambia aje akae nasi, akasema nyumba ya mkwe ni ya kutembelea. Nikamwambia basi aende Kabazi, kwao, ambako baba mdogo anaishi kwenye shamba la babu. Hapo akakunja uso. Baba alitoka Kabazi akiwa kijana, kwa maneno makali, akisema kulima vilima ni kazi ya mtu aliyekosa pa kwenda. Babu alipokufa na ardhi ikagawanywa, aliacha kipande chake bila hata kukikanyaga. Ndugu yake hakumjibu siku ile, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana kwenye mazishi tu.

"Nirudi huko kama gunia lililokataliwa sokoni?" aliniambia. "Ngoja ziwa lirudi. Nalijua mimi. Likipanda hivi litashuka."

Na kwa kweli hakuwa akidanganya. Ziwa hilo limepanda na kushuka tangu enzi za mababu. Kosa lilikuwa moja tu. Zamani lilipopanda hapakuwa na mtu aliyejenga njiani mwake.

Ilikuwa mwezi wa tano, katikati ya mvua ndefu. Baba alikuwa na kawaida ya kumpigia mama simu kila asubuhi, hata kama ni kumwambia tu kwamba kuku ametaga. Jumanne hakupiga. Mama akampigia, akaambiwa na ile sauti kwamba mteja hapatikani. Jioni, bado. Jumatano asubuhi nilimkuta mama ameshavaa viatu, ameketi sebuleni na mkoba mapajani.

Kabla hatujatoka nilimpigia baba mdogo. Nilidhani atauliza maswali. Akasema tu, "Tangulieni, nakuja."

Tulipofika Kamere sikupatambua. Mahali palipokuwa na ziwa palikuwa na shamba. Ndivyo nilivyoona mwanzoni: shamba kubwa la kijani lenye maua ya zambarau, kutoka kwenye barabara ya mchanga mpaka mbali. Yalikuwa magugu-maji. Upepo ulikuwa umeyakusanya kutoka ziwa zima na kuyasukuma upande wetu usiku wa kuamkia Jumanne. Nyumba zilizobaki zilionekana mabati tu, zimezungukwa. Ya kwetu ilikuwa ya mwisho.

Palikuwa na mwenye boti pale, mwanamume wa makamo ambaye zamani alikuwa akitembeza watalii na sasa alikuwa akipeleka watu kuchukua mali kwenye nyumba zao zilizozama.

"Mathe, sasa," alimsalimu mama. "Pole. Mzee sijamuona tangu juzi. Nilijaribu kupita jana. Hapo hapapitiki. Injini inashikwa."

"Hukusikia kitu?" nikamuuliza.

"Kulikuwa na upepo, mwalimu. Singesikia."

Mama hakulia. Alivua viatu akavishika mkononi, kama mtu anayejitayarisha kuingia majini mwenyewe. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimeanza kuona picha mbaya kichwani, na nilizisukuma, zikarudi. Niliangalia mabati ya nyumba yetu na sikuona moshi.

Baba mdogo alifika akiwa na mapanga mawili, kamba ya kufungia ng'ombe, na koti la mvua begani. Ni mtu mfupi, mpole, wa kutazama chini anapozungumza. Alisalimia, akatazama yale magugu, akamuuliza mwenye boti, "Tukikata, itapita?"

"Ikipita itapita polepole, mzee."

"Polepole ni sawa. Twende."

Walitaka nibaki na mama. Nilikataa. Tuliingia watatu, injini ikiwa imeinuliwa, mwenye boti nyuma na mti mrefu wa kusukumia, baba mdogo mbele amepiga magoti anakata. Magugu yale si laini kama yanavyoonekana. Mizizi yake imeshikana kama mkeka, na ukikata upande huu yanajifunga upande wa pili. Nilikuwa navuta kwa mikono na kutupa nyuma. Maji chini yalikuwa meusi na yalinuka. Tulisonga kidogo, tukakwama, tukasonga. Baba mdogo alikuwa ameloa jasho mpaka kiunoni.

Karibu na nyumba mwenye boti aliinua mkono. "Simameni," akanong'ona.

Kati yetu na mlango wa jikoni, magugu yalipanda na kushuka. Kisha yakaonekana masikio, na nyuma yake masikio mengine madogo. Kiboko na ndama wake.

"Huyu ndiye mbaya," mwenye boti akasema. "Wa mtoto haogopi mtu."

Na hapo nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kilitoka juu. Niliinua macho. Kwenye mnara wa tangi, juu kabisa ambapo tangi limeketi, alikuwa baba. Amejikunja ubavuni mwa tangi, amejifunika gunia, miguu inaning'inia. Alikuwa anatuangalia, na nadhani alikuwa ametuangalia tangu tulipoanza kukata.

"Baba!" nikapiga kelele, nikasahau kiboko.

"Nyamaza, utamkasirisha," baba akajibu. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ni yeye kabisa, anatoa amri.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikaa chini ndani ya boti, kwenye maji yaliyoingia, na sikuweza kuinuka. Baba mdogo alikuwa amesimama. Ndugu wawili wakatazamana, mmoja juu ya mnara na mmoja chini ana panga.

"Umekuja kunicheka?" baba akauliza.

"Nimekuja kukubeba," baba mdogo akasema. "Kucheka tutacheka nyumbani."

Baba akageuza uso. Alitazama upande wa mlima kwa muda, na sisi tukatazama chini.

Tulingoja. Mwenye boti alisema kiboko huyo hafukuzwi, ila yeye mwenyewe hatakaa kwenye maji ya kina kifupi jua likipanda. Ikawa hivyo. Baadaye magugu yalianza kutikisika kuelekea ziwani, mbali na sisi, taratibu, mpaka yakatulia. Boti ikasukumwa mpaka chini ya ngazi. Baba alikuwa amekaza vidole kwenye chuma hata akashindwa kuvifungua. Baba mdogo alipanda, akavifungua kimoja kimoja, akamfunga kamba kiunoni, akashuka naye hatua kwa hatua huku akimwelekeza mguu pa kuweka.

Njiani baba alitueleza. Jumanne asubuhi alikuwa anatoka kwa miguu kuelekea barabarani, maji yakiwa ya magotini, kiboko akainuka mbele yake. Alikimbilia mnara. Simu ilianguka majini alipokuwa anapanda. Kushuka hakuthubutu, na magugu yalikuwa yameziba kila njia ya boti. Maji ya kunywa alikuwa nayo kwenye tangi. Chakula hakuwa nacho.

"Nilikuwa nimefikiri sana," akasema, akajifunika vizuri koti ambalo baba mdogo alikuwa amemvisha.

Mama alikuwa bado amesimama pale pale tulipomwacha, viatu mkononi. Alimtazama baba akishushwa, mwembamba, amejaa tope, amevaa koti la ndugu yake. Nilingoja amkumbatie.

"Umekula nini?" akamuuliza.

"Maji."

"Maji ni chakula?" Na hapo sauti ikamvunjika, akaanza kumpiga kifuani kwa kiatu, polepole, kila pigo hafifu kuliko la kwanza, mpaka baba akamshika mkono na wote wawili wakasimama hivyo. Mwenye boti akaenda kuangalia injini yake, ingawa haikuwa na kasoro yoyote. Mimi nilicheka na kulia na sikujua kipi kilianza.

Siku hiyo hiyo tulipanda sote gari la Kabazi. Baba hakubisha. Tulipofika, baba mdogo alimpeleka moja kwa moja mpaka kwenye kipande chake cha urithi. Nilitegemea kukuta kimeunganishwa na shamba lingine, na hata kama kingekuwa hivyo nisingemlaumu mtu. Mpaka ulikuwepo.

"Nimepanda nepia ya ng'ombe mpakani tu," baba mdogo akasema. "Huku ndani nililima mahindi, ili kusiwe msitu. Ni yako."

Baba aliinama akachukua udongo mwekundu, akausugua kati ya vidole. "Unashika maji huu?"

"Ukiweka makinga maji, unashika."

"Nionyeshe."

Kuanzia siku ile wamekuwa wakibishana kila siku, na sijawahi kusikia mabishano yanayonifurahisha zaidi. Wanabishana mifereji ielekee wapi, miti ya kivuli iwe ipi, ng'ombe akamuliwe saa ngapi. Wamepanda miti kando ya kijito kinachoteremka kwenye shamba. Baba anasema maji yanayotoka hapo safi yatafika chini safi. Kijito hicho hakiendi Naivasha, na anajua. Anasema kila kijito kina ziwa lake linalokingoja.

Mwenye boti alipiga simu miezi kadhaa baadaye. Nilikuwa Kabazi, shule zimefungwa, tunakunywa chai. Baba aliweka simu kwa sauti ili wote tusikie.

"Mzee, niaje. Nyumba imeanguka leo. Ukuta wa jikoni ndio ulianza."

"Yote?"

"Yote, mzee. Pole sana."

Nilimwangalia mama, kwa sababu jiko lilikuwa lake. Baba akaweka simu mezani.

"Basi," akasema. "Sasa hakuna nyumba ya kulinda." Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, nikagundua kwamba tangu atoke kwenye mnara alikuwa bado ameyainua. "Leo nitalala."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na baba mdogo akaambukizwa, na baba mwenyewe akawa anatikisika kimya kimya, kikombe kinamwagika. Tungeambiwa zamani kwamba siku nyumba yetu itakapoanguka tutacheka hivyo, tungemtukana aliyesema.

Mwaka jana nilimpeleka baba Kamere, aliomba mwenyewe. Magugu yalikuwa yamesukumwa na upepo upande mwingine, maji yakawa wazi, na wavuvi walikuwa wakitupa nyavu mahali palipokuwa na vitunguu vyetu. Walisema tilapia wamezaana sana kwenye nyumba zilizozama, wanapenda kuta. Furukombe mmoja alikuwa ametua kwenye mnara wa tangi, ambao bado umesimama. Nilimwangalia baba usoni nikitafuta uchungu.

"Limenona," akasema. Alisema kama mtu aliyekutana barabarani na jirani wa zamani aliyegombana naye na kukuta afya yake njema. Tulinunua samaki wawili wakubwa, tukamfungashia mama kwenye gazeti, tukaanza kupanda kuelekea Kabazi kabla mvua ya alasiri haijaanza.